Fidia kwa Aliyeruka Ukuta: Hasira Yetu Iende Wapi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, akina mama, vijana, ndugu zangu wote mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila tukikaa pamoja hapa Uingereza lazima lizuke. Mtu anaruka ukuta wa watu usiku, anavunjika mguu, halafu anamdai mwenye ukuta. Na tunaambiwa kalipwa. Hapo sauti zinapanda. Mwenye duka ana kisa chake, mlinzi wa ghala ana chake, mwalimu ana chake, na visa vyote vinafika palepale: siku hizi mwizi ana haki kuliko mwenye mali.

Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwatetea wanaodaiwa: wenye majengo, halmashauri, kamati za kumbi kama ukumbi huu tulimo. Hasira hiyo naifahamu, maana watu huja nayo ofisini wakiwa na barua ya madai mkononi. Sikuja kuituliza. Ninaloomba ni kwamba tuangalie inamwangukia nani, kwa sababu kwa muda mrefu imewaangukia wasiostahili, na wanaostahili kuulizwa wameachwa wafanye biashara yao kwa raha zao.

Tuanze na sheria yenyewe, na tuanzie mbali.

Mwaka 1825, karibu na Bristol, bwana mmoja alikuwa na bustani ya maua ya tulip iliyozungushiwa ukuta, mbali na nyumba yake. Wezi walikuwa wameshamwibia maua ya thamani. Akatega bunduki ndani ya bustani, imefungwa waya chini chini, ili atakayeukanyaga waya ajipige risasi mwenyewe. Hakuweka tangazo, kwa kuwa alitaka kumnasa mwizi. Jioni moja ya mwezi Machi tausi wa jirani akatoroka, akaangukia mle bustanini. Kijana wa miaka 19 akajitolea kumrudisha. Akapanda ukuta, akaita kama kuna mtu ndani, kimya. Akaruka chini kumfuata yule ndege, akaukanyaga waya. Risasi zikamwingia gotini.

Kijana yule hakuwa na ruhusa ya kuingia, na hakuwa mwizi. Mahakama ilimpa haki yake mwaka 1828, na kabla ya hukumu kutoka Bunge lilikuwa tayari, mwaka 1827, limepiga marufuku bunduki za kutega. Nimekianza kisa hiki kwa makusudi. Tukisema "mvamizi" wengi wetu tunamwona mtu mwenye soksi usoni na nondo mkononi. Sheria inapotumia neno hilo inamkusanya kila aliyeingia pasipo ruhusa: mtoto aliyefuata mpira, mlevi aliyekosea geti, kijana aliyefuata tausi wa jirani, na mwizi pia. Wote wako kapu moja. Ndiyo maana sheria haiwezi kusema tu kwamba aliyeingia bila ruhusa shauri yake.

Iliwahi kusema hivyo, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1929 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kesi ya mtoto wa miaka minne kutoka Scotland. Alikuwa ameingia kwenye uwanja wa mgodi wa makaa ya mawe, mahali ambapo watoto walizoea kucheza na kila mtu alijua wanacheza, akasagwa na gurudumu la mtambo wa kuvutia mizigo. Baba yake akakosa fidia. Mtoto alikuwa mvamizi, na kwa mvamizi mwenye eneo alikuwa na wajibu mmoja tu, wa kutomdhuru kwa makusudi au kwa kutojali kabisa. Kesi ikaisha hapo, na msimamo huo ukadumu zaidi ya miaka arobaini.

Kilichoubadilisha ni mtoto mwingine. Juni 1965, huko Mitcham kusini mwa London, palikuwa na uwanja wa nyasi wanapocheza watoto, na kando yake reli ya umeme. Uzio ulikuwa umekanyagwa ukalala chini, watu wakapafanya njia ya mkato. Wiki kadhaa nyuma mkuu wa stesheni alikuwa ameambiwa kwamba watoto wameonekana relini. Uzio haukutengenezwa. Mvulana wa miaka sita akapita pale palipolala, akagusa reli yenye umeme, akaungua vibaya. Shirika la reli likajitetea kwa hukumu ya 1929: ni mvamizi, hatuhusiki. Mwaka 1972 Malodi wakakataa. Wakasema mwenye eneo ana wajibu wa ubinadamu wa kawaida hata kwa asiyealikwa, akishajua hatari ipo na kwamba watu wanaifikia.

Sijawahi kukutana na mtu, hata mwenye hasira kuliko wote, ambaye ukimweleza habari za uzio ule wa Mitcham atakwambia mvulana yule hakustahili kitu. Hilo ndilo chimbuko la sheria tunayoilaani. Ilitokana na uzio uliolala na mtu aliyeambiwa akanyamaza.

Baadaye Bunge likaiandika vizuri kwenye Sheria ya Wajibu wa Wenye Maeneo ya mwaka 1984, inayotumika England na Wales. Scotland wana yao ya mwaka 1960. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu wengi wanaoilalamikia sheria hii hawajawahi kuambiwa inasema nini. Aliyeingia bila ruhusa hana haki ya fidia kwa sababu tu ameumia. Kwanza, mwenye eneo awe alijua hatari ipo, au alikuwa na sababu ya kuamini ipo. Pili, awe alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu yupo karibu na hatari hiyo au anaweza kufika hapo. Tatu, iwe ni hatari ambayo kwa hali ilivyokuwa ilikuwa haki kumtarajia amkinge mtu nayo. Likikosekana moja, hakuna kesi. Na hata yote matatu yakitimia, anachotakiwa ni uangalifu wa kawaida tu. Mara nyingi onyo lililo wazi linatosha. Aliyejitosa kwa hiari yake huku akiijua hatari hana la kudai. Na simu yake ikivunjika humo ndani, au koti likachanika, sheria haimpi hata peni moja, kwa sababu inahusu mwili tu.

Yule anayeruka ukuta wako saa nane za usiku, usiyemjua wala kumtarajia, anakwama hapo kwenye sharti la pili. Mawakili wake wanalijua hilo. Huko kwenye maandiko ya kesi wanashindwa mara nyingi kuliko magazeti yanavyotuambia.

Kesi ambayo ningependa kila mtu hapa aijue ilitokea katika hifadhi ya Brereton Heath, Cheshire, chini ya Halmashauri ya Congleton. Kuna ziwa pale, zamani lilikuwa machimbo ya mchanga. Likajaa maji, likawa na fukwe nzuri, na familia zikaanza kwenda siku za jua. Halmashauri iliweka mabango: maji ya hatari, kuogelea marufuku. Walinzi walikuwa wakizunguka kuwakumbusha watu, na watu walikuwa wakiogelea vilevile. Mei 1995, siku ya joto, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amekwenda na rafiki zake alikimbilia majini. Maji yalipompita magoti kidogo akajitupa kichwa mbele. Kichwa kikagonga mchanga, shingo ikavunjika, akapooza mikono na miguu.

Akaidai halmashauri. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Maofisa wa halmashauri wenyewe walikuwa wameandikiana barua kwamba mabango hayasaidii na dawa ni kuzifukia fukwe udongo na kupanda mimea ili watu wasiweze kufika majini. Kazi ilichelewa kwa kukosa fedha. Kwa hiyo, akasema, mlijua na hamkufanya. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye, ikampunguzia theluthi mbili kwa kosa lake mwenyewe, ikamwachia theluthi moja. Kwa mtu aliyepooza namna ile hata hiyo theluthi ni fedha nyingi sana.

Mwaka 2003 Malodi wakaipindua. Lodi Hoffmann alieleza kwamba hatari haikutoka kwenye ziwa. Halikuwa na mtego wowote, lilikuwa maji kama maji mengine, na hatari ilitoka kwenye kile alichochagua kukifanya mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, wazee wetu wanasema, na kwa hakika hapo ndipo sheria ya Uingereza ilipofika. Kisha wakauliza swali ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote kwenye mada yetu: je, ni haki mamia ya wazazi na watoto waliokuwa wakichezea mchanga pale bila kumdhuru mtu wanyang'anywe ufukwe wao ili kumkinga mtu mzima na jambo analoliona kwa macho?

Jibu lilikuwa hapana. Lakini fukwe zilikuwa zimeshafukiwa. Halmashauri ilianza kazi hiyo miezi michache baada ya ajali, miaka kadhaa kabla hukumu ya mwisho haijatoka. Halmashauri ilishinda kesi, na watoto wakakosa mchanga. Hicho ndicho kinachoniumiza mimi, na hukikuti kwenye hesabu za fidia.

Kuna nyingine za aina hiyo na nitazipita haraka. Kule Folkestone mtu mzima alijitupa bandarini usiku wa manane katikati ya baridi, siku mbili baada ya Krismasi ya 1997, akagonga nguzo chini ya maji. Alikosa, kwa sababu hakuna mwenye bandari anayetarajia mtu ajitupe majini saa zile na msimu ule. Kule Coventry mvulana wa miaka 11 alipanda ngazi ya dharura ya hospitali kwa upande wa nje, akaanguka. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikasema ngazi haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa katika kuipanda hivyo.

Nisiwafiche na upande wa pili. Huko Kent mvulana wa miaka 12 alipanda paa la jengo la klabu ya vijana, akatumbukia kwenye kidirisha cha darini. Alishinda mwaka 2005, ingawa alikatwa nusu. Ilionekana watoto walikuwa na kawaida ya kupanda pale, wenye jengo walijua, kidirisha kilikuwa kibovu cha kuvunjika, na kukikinga kusingegharimu kitu. Nikiiweka kesi hiyo kando ya ile ya Mitcham, naiona ni ileile. Mtu alijua, dawa ilikuwa rahisi, aliyeumia alikuwa mtoto, na hakuna kilichofanyika.

Sasa nije kwa mwizi, maana najua wengine mmekaa mnamsubiri yeye.

Kuna visa viwili vilivyochoma mioyo ya watu nchi hii. Cha kwanza ni cha mzee wa miaka 76 aliyekuwa na kishamba cha kukodi, vile vya kupanda mboga. Vijana walikuwa wakimvunjia kibanda na kumwibia vifaa mara kwa mara. Akaamua kulala humo humo kibandani, na bunduki. Usiku mmoja mwaka 1988, kama saa nane, watu wawili wakaja kuuvunja mlango. Mzee akaingiza mtutu kwenye tundu dogo la mlango, akafyatua bila kuona nje. Mmoja akajeruhiwa mkono na kifua. Alikuja kushitakiwa na kukubali makosa yake, kisha akamdai mzee fidia. Akapata. Jaji wa kwanza alisema mzee alitumia nguvu kupita kiasi, lakini akamkata mdai theluthi mbili kwa ubaya wake mwenyewe, zikabaki kama pauni 4,000, na Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu hiyo isimame.

Nimeisoma hukumu ile tena na tena, na kila nikiisoma namwonea huruma mzee. Alikuwa amechoka, amedharauliwa, ameachwa peke yake na wote waliopaswa kumlinda. Hata hivyo sioni majaji wangeamua nini kingine. Alifyatua gizani kupitia tundu. Nje ya mlango ule angeweza kuwepo askari aliyekuja kuangalia kuna nini, au jirani mwenye shamba la pili. Hasira ya watu ilikuwa ya haki, na kwa maoni yangu ilipaswa kuwafikia wale waliopaswa kumlinda mzee.

Cha pili ni cha Norfolk, Agosti 1999. Mkulima Tony Martin aliwafyatulia risasi watu wawili waliovunja nyumba yake usiku. Mmoja, kijana wa miaka 16, akafa, mwingine akajeruhiwa miguu. Mkulima akatiwa hatiani kwa mauaji, baadaye rufaa ikapunguza ikawa kuua bila kukusudia. Aliyebaki hai akafungua dai la fidia dhidi yake, na gharama za wakili wake zikibebwa na msaada wa kisheria wa serikali, yaani kodi zenu. Nchi ilitikisika. Dai lenyewe liliachwa bila kufika hukumuni, jambo ambalo ni wachache wanalikumbuka.

Ambalo ni wachache zaidi wanalijua ni kwamba Bunge lilisikia. Kifungu cha 329 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003 kinasema hivi: mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la kifungo hawezi kumdai fidia aliyemdhuru kwa makusudi katika tukio hilohilo bila kwanza kupata ruhusa ya mahakama. Na hiyo ruhusa haipati mpaka aonyeshe ushahidi kwamba mwenye mali hakuamini kuwa anajilinda, au kuilinda mali yake, au kumzuia mhalifu, au kwamba alichokifanya kilipita mipaka kwa kiasi kikubwa mno. Kifungu hicho kipo zaidi ya miaka ishirini. Bado kila mwaka nasikia watu wakisema mwizi akiumia kwako umekwisha.

Sasa kama mahakama zimekaza hivyo na Bunge limekaza hivyo, kwa nini bado tunalipa? Bima ya ukumbi huu inapanda. Safari za shule zinafutwa. Mabembea yanang'olewa viwanjani. Hilo si la kufikirika, tunaliona.

Nitawaeleza kisa kimoja ambacho hakikufika mahakamani, na ndiyo maana nakieleza. Kamati fulani ya ukumbi, watu wa kujitolea tupu, walichimba mtaro nyuma ya jengo kutengeneza bomba la maji machafu. Wakaweka vizuizi, wakafunga geti. Usiku mtu mzima akaruka geti kukata njia, akatumbukia, akateguka kifundo cha mguu. Barua ikaja kutoka kwa wakili wake: uzembe, maumivu, siku alizokosa kazini. Kamati wakaituma kwa kampuni yao ya bima, wakiwa na picha za vizuizi na za geti lililofungwa na kufuli. Wakangoja kuitwa kutoa ushahidi. Hawakuitwa. Ilikuja barua fupi kwamba dai limemalizwa, na ilipofika wakati wa kuhuisha bima bei ikawa imeruka.

Mweka hazina wao, mama mmoja aliyekuwa akihesabu michango ya chai kila Jumapili, alinijia na zile picha kwenye bahasha. Aliniuliza swali moja: "Wakili, kwani hakuna aliyeziangalia?"

Hakuna aliyeziangalia. Kule ofisini kwa bima mtu alipiga hesabu. Kulipa dai dogo ni fedha kiasi fulani, kulipigania ni zaidi, basi lipa. Na hesabu hiyo inasukumwa na kanuni. Tangu Aprili 2013 mdai wa majeraha ya mwili akishindwa, kwa kawaida halazimiki kulipa gharama za aliyemshinda, labda awe mdanganyifu. Kanuni hiyo ina sababu yake nzuri, maana bila hiyo mfanyakazi wa kawaida aliyekatwa vidole na mashine asingethubutu kuishitaki kampuni kubwa. Lakini kwa madai madogo ya hovyo inamaanisha mdaiwa hata akishinda gharama zake zinabaki kwake. Kila dai linalolipwa kimyakimya linafundisha walioliandaa kuandaa lingine.

Na hao walioliandaa ndio tuwatazame. Mpaka mwaka 2000 mtu asiye na uwezo akiumia aliweza kupata msaada wa kisheria wa serikali. Aprili mwaka huo msaada huo ukaondolewa kwa madai mengi ya majeraha, nafasi yake ikashikwa na mkataba wa "usiposhinda hulipi". Mpaka 2013 wakili aliyeshinda aliruhusiwa kumtoza aliyeshindwa nyongeza ya ushindi, ambayo iliweza kufika asilimia 100 ya ada yake. Katikati wakazuka madalali: wanakupigia simu, "tumesikia ulipata ajali", wanachukua jina lako, wanaliuza kwa wakili. Mliokuwepo miaka ile mnazikumbuka simu hizo. Jina la mtu aliyeumia lilikuwa bidhaa yenye bei.

Mwaka 2013 kuuza majina hivyo kukapigwa marufuku, na nyongeza ya ushindi ikaacha kumwangukia aliyeshindwa. Mwaka 2015 mahakama zikapewa nguvu ya kulitupa dai zima likionekana limejengwa juu ya uongo wa msingi, hata kama sehemu yake ni ya kweli. Mwaka 2018 madalali wakakatazwa kupiga simu kwa asiyewaomba, na kuanzia 2019 wako chini ya mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Mei 2021 maumivu ya shingo ya ajali za magari yakapangiwa viwango maalumu vya fidia. Oneni hatua zote hizo zilielekezwa wapi. Barabarani, kwenye simu, kwenye ada za mawakili. Hakuna aliyehangaika na wanaoruka kuta, kwa sababu kwenye jumla ya madai yanayolipwa nchi hii wao ni wachache sana. Madai ya ajali za magari ndiyo yaliyojaa.

Mwaka 2004 kikosi kazi cha serikali kilichochunguza suala hili kiliripoti kwamba utamaduni wa fidia kwa namna unavyosimuliwa ni hadithi, lakini imani ya watu katika hadithi hiyo ina gharama za kweli. Mwaka 2010 Lodi Young, aliyetumwa na Waziri Mkuu David Cameron, alirudi na ripoti ya mwelekeo huohuo, akayataja sana matangazo ya kuwinda wadai. Tangu 2006 kuna sheria inayowaruhusu majaji kujiuliza kama tahadhari inayodaiwa itaua shughuli yenye manufaa. Vyombo vipo. Aliyekosekana ni mtu wa kuvitumia pale dai linapofika mezani.

Sasa yanayotuhusu hapa. Wengi wenu ni wajumbe wa kamati, mna majengo, mna vishamba vya kukodi.

Uzio ukitoboka, zibeni leo. Nasema hivyo kwa ajili ya mtoto kabla ya kusema kwa ajili ya kesi. Mtu akiwaambia watoto wanapanda paa lenu, msimjibu kwamba mtaliangalia. Liangalieni, na muandike siku mliyoangalia na mlichofanya. Kile sheria inachokiadhibu ni kujua na kunyamaza, na sioni sababu ya kukitetea.

Mkiwa mmefanya hayo, msikubali kuogopeshwa mkafunga viwanja. Mtu akisimama kwenye mkutano akasema mpira usichezwe tena hapa "kwa ajili ya bima", mwambieni aonyeshe sharti hilo limeandikwa wapi kwenye mkataba wa bima. Nimeomba kuonyeshwa mara nyingi, na mara nyingi halikuwepo.

Barua ya madai ikija, ipelekeni kwa bima siku hiyohiyo, maana kuchelewa kunaweza kuwapotezea kinga. Pelekeni pamoja na picha, majina ya walioona, na maelezo yaliyosainiwa. Halafu andikeni kwamba kamati inalipinga dai, na kwamba mnaomba mjulishwe kwa maandishi kabla halijalipwa na kwa sababu gani. Mikataba mingi inaipa kampuni mamlaka ya kulimaliza dai bila idhini yenu, kwa hiyo huenda wasiwasikilize. Waandikieni tu. Barua hiyo inabaki kwenye faili, na wakati wa kuhuisha bima mnaiweka mezani mnapojadili bei. Wakikataa kabisa, pelekeni malalamiko. Mama yule wa bahasha alifanya hivyo. Fedha haikurudi, ila alipata maelezo ya kurasa mbili kutoka kwa mtu aliyelazimika, kwa mara ya kwanza, kuzitazama zile picha.

Na vijana, mkipigiwa simu na mtu anayesema amesikia mliumia, kateni, kisha ripotini namba. Mkiwa mmeumia kweli kwa uzembe wa mtu, njooni kwa wakili mnayemjua, mdai bila aibu, kwa sababu haki hiyo watu waliipigania.

Nimeambiwa muda wa maswali ni nusu saa. Naona mikono ya wenye vishamba imeshainuka, na nadhani najua watakachouliza kuhusu waya wa miiba juu ya uzio. Tuanze na wao.